Mwenye Ng'ombe Naye Aelezwe Dawa Yake

Nenda siku ya mnada katika kijiji chochote kikubwa cha Meatu au Itilima, usimame karibu na duka la dawa za mifugo, usikilize. Mfugaji anaulizia dawa ya sindano iitwayo OTC. Haishii kutaja jina. Anataka kujua ni ya asilimia kumi au ya ishirini, kwa sababu ile ya ishirini hukaa mwilini mwa ng'ombe siku kadhaa kwa sindano moja, na ile ya kumi itamlazimu kurudia kila siku. Anakadiria uzito wa dume lake kwa macho na kutaja mililita anazohitaji. Anajua sindano iingie ndani kwenye nyama. Anajua pia kwamba maziwa ya ng'ombe aliyechomwa yana siku zake za kusubiri, zimeandikwa kwenye chupa, kabla hayajarudi mezani au sokoni. Hakusomea famasia. Alielezwa na afisa mifugo, akaelezana na wenzake zizini, akaona mwenyewe kwa miaka.

Mchana huohuo mtu huyu anaingia duka la dawa muhimu kumchukulia mkewe dawa. Anapewa vidonge ndani ya kifuko, juu yake pameandikwa kwa kalamu 2×3.

"Mbili mara tatu, baba."

"Haya, daktari."

Analipa, anaondoka. Hakuambiwa dawa hiyo itakaa mwilini mwa mkewe muda gani, inatolewa na kiungo gani, inapatana au haipatani na chakula gani, wala kwa nini asiikatishe. Mengi ya namna hii anayajua kuhusu ng'ombe wake. Kuhusu mama wa watoto wake hajaambiwa hata moja.

Ninaandika makala hii kwa sababu hilo linaniumiza, na kwa sababu nimechoka kusikia maofisa wetu wakisema wananchi wa mikoa kama Simiyu "hawana elimu ya dawa". Huu ni mkoa wa wafugaji na wakulima wa pamba. Mkulima wa Bariadi au Maswa anajua akizimua sumu ya ekapaki, iliyopimwa kwa ekari moja, ili ienee ekari mbili, funza wa vitumba hafi, na msimu unaofuata atakuwa mgumu zaidi kuuawa. Hiyo ndiyo habari yote ya usugu wa dawa, na ameishika vizuri. Uwezo wa kuelewa anao. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza kuhusu mwili wake kwa heshima ileile anayoelezwa kuhusu shamba na zizi.

Tuanze na hiyo 2×3. Kidonge kikishamezwa huyeyuka tumboni, hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, huingia kwenye mishipa inayokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ini hukikagua na kukipunguza kabla ya kuachia kilichobaki kiingie kwenye mzunguko wa damu. Hapo ndipo dawa inapoanza kufika kila mahali: kwenye mapafu, kwenye ngozi, kwenye figo, kwa mama mjamzito hata kwa mtoto aliye tumboni. Tangu dakika hiyo mwili unaanza pia kuitoa. Ini linaibadilisha umbo, figo zinaichuja kwenye mkojo. Kiwango cha dawa kwenye damu kinapanda, kinafika kileleni, kinashuka. Chini ya kiwango fulani dawa haina kazi. Juu ya kiwango fulani inadhuru. Ratiba ya kumeza dawa imepangwa ili kiwango kibaki kati ya mipaka hiyo miwili, usiku na mchana.

Sasa chukua amoksilini, mojawapo ya vidonge ambavyo wateja huviomba kwa jina la "rangi mbili". Dawa hii huwaua bakteria wanapojenga ukuta unaozunguka miili yao. Chembe za mwili wa binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo sababu inawaua wao na kutuacha sisi. Lakini figo huitoa kwa kasi kubwa: kila baada ya muda wa saa moja hivi, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu. Bakteria wasipokutana nayo kwa saa za kutosha, wanaendelea na ujenzi wao. Kwa hiyo ile "mara tatu" ni kila baada ya saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Mgonjwa ambaye hakuelezwa humeza saa moja asubuhi, saa saba mchana, na saa kumi na mbili jioni kabla giza halijaingia. Idadi ya vidonge imetimia. Ila kuanzia jioni hadi asubuhi zinapita saa kumi na tatu, na sehemu kubwa ya saa hizo damu yake haina dawa ya maana. Wakati wa kuvuna pamba hali huwa mbaya zaidi, maana watu wako shambani tangu alfajiri, wanakula mara mbili, na dozi ya mchana inabaki nyumbani juu ya kabati.

Siwezi kumlaumu mtu huyo. Alipewa namba, akazitii.

Mfano ulio mzito zaidi ni dawa ya mseto ya malaria. Wengi wetu tumeimeza: mtu mzima vidonge vinne, halafu vinne baada ya saa nane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla ishirini na vinne. Inaitwa mseto kwa kuwa ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na tabia zake zinatofautiana sana. Ya kwanza, artemetha, inatokana na mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu kale. Mwanasayansi Tu Youyou alifanikiwa kutoa kiini chake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Inafanya kazi haraka mno. Inashusha idadi ya vimelea kwa kishindo ndani ya siku moja au mbili, homa inakimbia, mgonjwa anaomba ugali. Lakini haikai: ndani ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoweka. Ya pili, lumefantrini, ni ya polepole. Inajikusanya dozi kwa dozi, kisha inabaki kwenye damu kwa siku kadhaa ikiwamaliza vimelea waliosalia.

Ukielewa hivyo unaelewa kwa nini mtu anayeacha dawa siku ya pili kwa kuwa "amepona" anajiweka pabaya. Aliyemwondolea homa ni artemetha, nayo imeshaondoka. Lumefantrini haijafikia kiwango cha kumaliza kazi. Vile vidonge vinane anavyovihifadhi kwa ajili ya mtoto atakayeugua mwezi ujao huenda visimtoshe mtoto huyo pia, maana dozi ya mtoto hupangwa kwa kilo zake: kidonge kimoja kwa kila dozi akiwa na kilo tano hadi chini ya kumi na tano, viwili hadi chini ya ishirini na tano, vitatu hadi chini ya thelathini na tano. Hakuna anayebahatisha uzito wa ndama bila kumtazama, lakini mtoto hupewa "nusu ya mkubwa" gizani.

Na kuna maziwa. Hapa ndipo ninapotamani kila mtoa dawa wa Simiyu asimame juu ya kiti aseme kwa sauti. Lumefantrini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Inahitaji mafuta ili ipenye utumbo. Ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kuongezeka mara kumi na sita kuliko ikimezwa tumbo likiwa tupu. Mara kumi na sita! Wala si lazima uchinje mbuzi. Kikombe cha maziwa yasiyoenguliwa, yawe mabichi yaliyochemshwa au ya mgando, kinatosha, karanga zinasaidia. Mgonjwa aliyemeza vidonge vyote ishirini na vinne kwa chai ya rangi anaweza kuwa na dawa kidogo mwilini kuliko alivyostahili, kisha akarudi baada ya wiki tatu akilalamika kwamba mseto siku hizi hauna nguvu. Katika nyumba nyingi za mkoa huu kibuyu cha maziwa kinaning'inia pale pale ukutani.

Ukigeukia tetrasaiklini na doksisaiklini, au siprofloksasini, mambo yanageuka. Kalisiamu ya kwenye maziwa hushikamana na dawa hizi ndani ya utumbo na kufanya kitu kisichopenya, kwa hiyo sehemu ya dawa inatoka chooni bila kufika kwenye damu. Tetrasaiklini huathirika vibaya zaidi. Anayezimeza azimeze kwa maji, na maziwa ayasogeze mbele kwa saa mbili au zaidi. Basi fikiria mama mwenye nyumba anayejitahidi kumtunza mgonjwa wake. Amesikia maziwa ni mazuri kwa dawa, au amesikia maziwa "yanaua dawa". Yote mawili ni kweli, inategemea ni dawa gani, na hakuna njia ya kujua kwa kutazama rangi ya kidonge. Sentensi moja kaunta inatosha. Inachukua muda mfupi kuliko kuhesabu chenji.

Nchi hii tayari imelipia gharama ya dawa kutumika vibaya. Klorokwini ilituhudumia miongo mingi hadi vimelea wakaizoea. Mwaka 2001 serikali ikaiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria na kuweka nyingine iitwayo SP. SP haikudumu, na mwaka 2006 tukahamia mseto. Sasa watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na wenzao wamethibitisha kwamba Karagwe, mkoani Kagera, wamo vimelea wenye badiliko la kijeni linalowafanya wachelewe kufa mbele ya dawa za kundi la artemetha. Kutoka Kagera hadi Simiyu ni kuvuka ziwa au kulizunguka, na watu, mizigo na mbu hawaulizwi vibali. Lumefantrini bado inashikilia upande wake. Itaendelea kushikilia iwapo itafika kwenye damu kwa kiwango kilichokusudiwa, na hilo linaamuliwa kila siku na kikombe cha maziwa na dozi ya sita.

Dawa za maumivu nazo zinahitaji mazungumzo, hasa kuanzia Mei pamba inapochumwa. Mgongo unauma, mtu ananunua diklopa ya siku, kesho tena, wiki nzima, msimu mzima. Anaamini kidonge kinakwenda mgongoni. Dawa haijui mgongo ulipo. Diklofenaki iliyomo ndani ya diklopa huzuia kimeng'enya kinachotengeneza kemikali za maumivu na uvimbe, na inakizuia kila mahali ilipofika. Mwingereza John Vane ndiye aliyefafanua siri hii mwaka 1971 akichunguza asprini, akapata Nobel mwaka 1982. Tatizo ni kwamba kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazosaidia mishipa ya figo kubaki wazi pale maji yanapopungua mwilini. Mtu anayechuma pamba juani tangu asubuhi, amekunywa maji kidogo, hajala, kisha anameza diklopa, anapunguza maumivu ya mgongo na papo hapo anaondoa ulinzi wa tumbo na wa figo. Vidonda vya tumbo na damu kwenye choo havitokei kwa bahati mbaya. Panado ni salama zaidi kwa tumbo, ila nayo ina mpaka: mtu mzima asizidishe gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu mia tano, na ahesabu pia ile iliyofichwa ndani ya dawa za mafua. Ikizidi, ini hulemewa na mabaki yenye sumu ambayo lenyewe limeyatengeneza likijaribu kuivunja dawa. Mgonjwa anaweza kujisikia nafuu siku ya kwanza wakati ini linaharibika.

Watu wengi bado wanaamini sindano na dripu zina nguvu kuliko kidonge. Kwa dawa fulani na kwa mgonjwa anayetapika au aliyezidiwa, ni kweli, sindano inaokoa maisha. Lakini Flajili ya kumeza, kwa mfano, huingia kwenye damu karibu yote. Anayelipia dripu ya Flajili wakati anaweza kumeza amenunua maji na bomba.

Nikisema haya huwa naambiwa kwamba dawa za kisasa zina mambo mengi, afadhali mitishamba ya mababu. Ninawaheshimu waganga wa Kisukuma, na sayansi inawaheshimu pia: tangu 1974 Muhimbili ina chombo maalumu cha kuchunguza tiba asili, na mseto wenyewe, kama nilivyosema, ulianzia kwenye jani. Ila jani likiwa na uwezo wa kutibu, linatii kanuni zilezile. Litameng'enywa, litapita kwenye ini, litachujwa na figo, litakuwa na dozi inayofaa na dozi inayoua, litagombana na dawa nyingine. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walivuka nchi kwenda Samunge, Loliondo, ng'ambo ya pili ya Serengeti ukitokea kwetu, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mitishamba kwa shilingi mia tano kwa ajili ya kisukari, shinikizo la damu na UKIMWI. Wapo walioacha dawa zao baada ya kikombe hicho. Kama wangekuwa wameelezwa mapema kwamba kila kitu kinachoingia kwenye damu kina saa zake za kutoka, na kwamba ugonjwa wa kudumu unahitaji dawa inayorudishwa mwilini kila inapopungua, ninaamini wengi wangekunywa kikombe kwa imani yao na bado wakameza dawa zao jioni.

Ushahidi kwamba watu wakielezwa wanashika tunao hapahapa nchini. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu, na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, akajenga hapa utaratibu wa kumsimamia mgonjwa hadi amalize dawa. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliuchukua na kuueneza duniani miaka ya 1990. Mgonjwa wa TB leo anaambiwa tangu siku ya kwanza: mkojo wako utabadilika uwe wa rangi ya chungwa, usiogope, ni rifampisini inatoka. Anaiona dawa ikitoka mwilini kwa macho yake, na kesho yake hahitaji kubembelezwa kumeza tena. Kwenye kliniki za ARV, tangu dawa hizo zianze kutolewa bure mwaka 2004, wanavijiji ambao hawakumaliza darasa la saba wamejifunza maana ya wingi wa virusi kwenye damu, wanatega simu iite saa mbili usiku, wanajua kwa nini kuchelewa kunawapa virusi nafasi. Hiyo ni famakolojia, na wameimudu kwa sababu mtu alikaa nao akaongea.

Hata huko kuna jambo ambalo mara nyingi halisemwi kwa sauti ya kutosha. Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini vifanye kazi kupita kawaida, na ini lililoamshwa huvunja haraka dawa nyingine pia. Mwanamke aliye kwenye dawa za TB na anayetegemea vidonge vya majira au vijiti anaweza kupata mimba asiyoitaka. Mwenye VVU anayetumia dolutegravia anahitaji kuongezewa kidonge kingine cha dawa hiyo kwa siku, mpaka amalize TB na wiki mbili zaidi. Dada anayeandikiwa dawa za kifua kikuu ana haki ya kuulizwa anatumia njia gani ya uzazi kabla hajatoka chumbani.

Kwa hiyo nani aeleze? Katika vijiji vya Busega, Itilima au Meatu, "daktari" wa kwanza ni mtoa dawa wa duka la dawa muhimu. Mpango wa maduka haya ulianza Ruvuma mwaka 2003, chini ya mamlaka ya udhibiti wa dawa ambayo sasa ni TMDA, ukachukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi ambayo yaliuza chochote kwa yeyote. Ulikuwa uamuzi mzuri, na watoa dawa walipewa mafunzo. Lakini ukaguzi ninaousikia ukizungumzwa zaidi ni wa leseni, rafu, na dawa zilizopitwa na muda. Nataka mkaguzi asimame pia pembeni dakika kumi, asikilize mteja anaambiwa nini. Na zile karatasi zilizokunjwa ndani ya boksi, zenye kila nilichoeleza hapa, mara nyingi ziko kwa Kiingereza, na anayenunua kipande cha vidonge kilichokatwa kwa mkasi hazioni kabisa. Bunge liliamua mwaka 2021 kwamba lugha ya sheria na mahakama ni Kiswahili. Kidonge kinachosajiliwa kuuzwa Bariadi kinapaswa kuja na maelezo ya Kiswahili, na mtoa dawa akikata kipande awe na nakala fupi ya kumpa mnunuzi: saa za kumeza, chakula gani, dalili gani arudi nazo.

Kizuizi kikubwa, nakiri, ni fedha. Duka linapata faida kwa kidonge kilichouzwa. Neno halina bei. Mtoa dawa mwenye foleni siku ya mnada atachagua mteja anayefuata. Ndiyo maana ninaitazama Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 kwa matumaini makubwa kuliko watu wengi ninaozungumza nao. Anayelipa ndiye anayepanga kinacholipiwa. Mfuko ukikubali kulipa kiasi kidogo, hata kile cha bei ya soda, kwa kila mgonjwa aliyeelezwa dawa yake akairudia kwa maneno yake mwenyewe, mtoa dawa wa Lamadi atakuwa na sababu ya kumvutia mama kiti na kumuuliza: nyumbani maziwa yapo?